Seva Inaponyamaza

Amri ya `df` ina herufi mbili tu. Kazi yake ni kueleza kila diski imebakiwa na nafasi kiasi gani, na kwenye kompyuta iliyo nzima jibu lake hutokea papo hapo. Asubuhi moja ya katikati ya miaka ya 2000, nikiwa fundi mgeni katika chuo kimoja hapa Tanzania, niliiandika kwenye kompyuta ya maabara na hakuna kilichotokea. Haikuleta jibu wala ujumbe wa kosa. Nikabonyeza Ctrl na C kuikatiza, haikukatika. Nikafungua dirisha jingine nikaipiga `kill -9`, ishara ambayo vitabu vilisema hakuna programu inayoikwepa, ikaikwepa. Nyuma yangu maabara ilikuwa imejaa, maana ilikuwa wiki ya kukabidhi miradi ya mwisho, na skrini za wanafunzi wote zilikuwa zimeganda. Kompyuta zile zilitumia Linux, na mafaili ya kila mwanafunzi yalikaa kwenye seva moja katika chumba cha mwisho wa korido.

Fundi mkuu wetu, mtu mzima tuliyemwita Mzee, aliingia mkoba ukiwa bado begani.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Umezima chochote?"

"Hapana, bado."

"Usizime. Na waambie vijana wasizime. Kwanza tujue nani anamsubiri nani."

Nimefanya kazi hii miaka mingi tangu siku ile, katika taasisi tofauti na kwenye mashine za kila aina, na maneno yale yamenifaa kuliko zana yoyote niliyowahi kuinunua. Yaliyonifunza yanahusu folda za mtandao zisizojibu, lakini yanahusu pia namna ya kufikiri pale kitu kinaponyamaza na watu wanakutazama wewe.

Ili kuelewa kwa nini Mzee hakushtuka, inabidi turudi mwaka 1984, kwenye kampuni ya Sun Microsystems huko California. Wahandisi wake walikuwa wanatengeneza mfumo wa kuiwezesha programu kusoma faili lililoko kwenye mashine nyingine kana kwamba liko kwenye diski yake yenyewe, bila programu hiyo kubadilishwa. Mfumo huo ni NFS, na mwaka 1985 Russel Sandberg na wenzake wanne waliueleza mbele ya mkutano wa USENIX mjini Portland. Uamuzi wao mkubwa ulikuwa kwamba seva isikumbuke chochote kuhusu wanaoitumia. Kila ombi linafika likiwa limekamilika: faili fulani, kuanzia baiti fulani, kiasi fulani. Seva inajibu, inasahau. Faida yake inaonekana siku ya matatizo. Seva ikizimika na kuwaka tena, haina daftari la kurejesha wala watu wa kuwatafuta. Inaanza tu kujibu. Kompyuta iliyokuwa ikingoja nayo haihitaji kujua kilichotokea. Inarudia ombi lake mpaka lijibiwe.

Uamuzi huo una gharama yake. Kompyuta inayouliza haiwezi kutofautisha seva iliyokufa na seva iliyochelewa. Umeme umekatika, waya umeng'oka, swichi imezidiwa, diski inasuasua: vyote hivyo, ukivitazama kutoka upande wa anayeuliza, vina sura moja, nayo ni kimya. Anayeuliza amebakiwa na jambo moja la kufanya, kurudia. Kwenye Linux ya leo, NFS ikipita juu ya TCP, kawaida ni kungoja sekunde 60 kabla ya kuhesabu kwamba jibu limechelewa. Kimya kikiendelea, kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, inaandika kwenye kumbukumbu zake kwamba seva haijibu na kwamba bado inajaribu. Seva ikirudi, inaandika mstari mwingine wa kusema mambo ni sawa, na kazi inaendelea pale iliposimama. Matoleo yaliyofuata yalibadilisha mengi. Toleo la 3 lilitoka mwaka 1995. Toleo la 4, lililochapishwa mara ya kwanza mwaka 2000, liliipa seva kumbukumbu ya nani amefungua nini, na likayapitisha mazungumzo yote kwenye poti moja, 2049. Tabia ya kungoja haikubadilika.

Programu inayongoja hivyo imelala usingizi ambao Unix iliuweka kwa ajili ya kusubiri diski. Kwenye orodha ya `ps` utaiona na herufi D pembeni yake. Waliobuni usingizi ule walichukulia kwamba diski hujibu ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, hivyo hapakuwa na sababu ya kumruhusu mtu kumwamsha anayeisubiri. NFS ilipoufanya mtandao uonekane kama diski, ilirithi usingizi huo pia, na subira ya sehemu ya sekunde ikaweza kuwa subira ya asubuhi nzima. Ndiyo maana `kill -9` yangu haikufua dafu: ishara ilifika, lakini hapakuwa na aliyeamka kuipokea. Toleo la 2.6.25 la kerneli ya Linux, la mwaka 2008, lilileta usingizi wa aina nyingine unaokubali kukatizwa na ishara ya kuua, na NFS ikaanza kuutumia. Kwa hiyo fundi wa leo ana njia ambayo sisi hatukuwa nayo. Bado, kuiua programu inayosubiri hakuifanyi seva ijibu.

Jambo la kwanza alilonionyesha Mzee asubuhi ile ni kwamba zana nyingi za kuchunguza humuuliza yuleyule asiyejibu. `df` hupitia kila mfumo wa mafaili uliopachikwa, yaani uliounganishwa kwenye mashine, mmoja baada ya mwingine, na ikifika kwenye ulionyamaza inasimama hapo. `ls` yenye rangi huuliza habari za kila kitu kilichomo kwenye folda, ikiwemo folda iliyopachikwa kutoka kwenye seva. Hata kitufe cha Tab cha kukamilishia jina la faili kinaweza kuligandisha dirisha lako. Ukiingia kwenye kompyuta kwa jina la mtumiaji ambaye folda yake ya nyumbani iko kwenye seva, hutafika popote, kwa sababu kitu cha kwanza mfumo unachotafuta ni mafaili yake. Mzee aliingia kama `root`, ambaye folda yake iko kwenye diski ya mashine yenyewe. Kisha akasoma faili la `/proc/mounts`. Faili hilo linatoka kwenye kumbukumbu ya kerneli. Linakuambia nini kimepachikwa wapi bila kumgusa mtu yeyote nje ya mashine. Baada ya hapo akaiomba `ps` imwonyeshe kila programu yenye herufi D pamoja na jina la kazi ya kerneli ambamo imelala. Majina yote yalianza na `rpc` au `nfs`. Kompyuta yetu ilikuwa nzima. Ilikuwa inasubiri.

Tukapanda ngazi moja. Tuliipiga `ping` seva, ikajibu mara moja. Vijana wengi huishia hapo na kutangaza kwamba seva iko hai. Jibu la `ping` hutolewa na kerneli ya seva bila kugusa diski wala huduma ya mafaili, kwa hiyo linathibitisha mambo mawili tu: waya upo, na kerneli inapumua. Mzee akatumia `rpcinfo`. Kwanza alimuuliza mpokezi aliyeko poti 111, ambaye kazi yake ni kueleza huduma gani ziko poti gani. Akajibu, akasema NFS ipo. Kisha akaipelekea huduma ya NFS yenyewe utaratibu wake namba 0. Wabunifu wa NFS waliweka kwenye itifaki yao ombi lisilofanya kitu chochote: halisomi, haliandiki, linachotaka ni kujibiwa. Nililipenda ombi hilo tangu siku ile. Mtu aliyebuni mfumo wa kubeba mafaili ya watu alitenga nafasi ya kwanza kabisa kwa ajili ya kujuliana hali.

Ombi lile halikujibiwa. Sasa tulijua mengi. Mtandao ulikuwa mzima, kerneli ya seva ilikuwa nzima, huduma ilikuwa imejiandikisha, lakini wafanyakazi wake hawakuwa na nafasi hata ya kusema wapo. Kwenye seva ya Linux wakati ule, maombi ya NFS yalihudumiwa na nyuzi za kerneli ziitwazo `nfsd`, na kwa kawaida zilikuwa nane. Tulikwenda chumba cha seva, tukaingia kwa kibodi yake, tukatazama. Nyuzi zote nane zilikuwa na herufi D. Wanafunzi walikuwa wanaisubiri seva, na seva yenyewe ilikuwa inasubiri kitu kingine.

Kumbukumbu za kerneli ya seva zilikitaja. Mafaili yalihifadhiwa kwenye diski mbili, moja nakala ya nyingine, na mojawapo ilikuwa inashindwa kusoma sehemu zake. Badala ya kukubali kwamba imeshindwa, diski ile ilikuwa inarudia na kurudia. Kerneli inaingoja, inaichoka, inaianzisha upya, inaiuliza tena. Kila uzi wa `nfsd` uliogusa sehemu mbovu ulikwama pale, na ilipofika wa nane hapakuwa na aliyebaki wa kumhudumia hata mwanafunzi ambaye faili lake lilikuwa sehemu salama. Mzee aliiondoa diski mbovu kwenye jozi kwa amri ya `mdadm`. Kerneli ikahamia kwenye diski nzima, nyuzi zikaamka, maombi yaliyorundikana yakaanza kujibiwa.

Niliporudi maabara skrini zilikuwa zinasogea. Maneno ambayo wanafunzi walikuwa wameyaandika kabla ya kuganda yalitokea mbele yao, na `df` yangu ilikuwa imetoa jibu lake, limechelewa lakini ni sahihi. Waliosubiri hawakupoteza kitu. Wachache waliokuwa wamezima kompyuta kwa kitufe kabla ya kukatazwa walipoteza kila walichokuwa hawajakihifadhi. Tofauti yao na wenzao haikuwa ujuzi wala bahati. Ni kwamba hakuna aliyewahi kuwaambia kuwa kompyuta iliyonyamaza inaweza kuwa inawalindia kazi yao.

Hilo ndilo somo ambalo watu wengi, wakiwemo mafundi, hulikataa mpaka limewagharimu. Miaka kadhaa baadaye nilifanya kazi katika taasisi ya utafiti ambako uongozi ulikuwa umechoshwa na kompyuta kuganda. Agizo likatoka kwamba folda zote za mtandao zipachikwe kwa namna laini, yaani `soft`. Kwa namna hiyo kompyuta hairudii ombi bila kikomo. Baada ya kujaribu mara chache inaiambia programu kwamba imeshindwa. Kuganda kuliisha kweli, na watu walifurahi. Kisha ikatokea siku mtandao ulilegalega mchana, wakati programu moja inaandika matokeo ya takwimu za mvua. Kosa lilirudi kwa programu katikati ya kuandika. Programu ile haikuwa imeandikwa kuangalia kosa la aina hiyo; iliendelea mpaka mwisho, ikafunga faili, ikasema imemaliza. Faili lilikuwa na urefu uleule uliotarajiwa, lakini kipande cha katikati kilijaa sifuri. Mtafiti mmoja ndiye aliyegundua, pale mchoro wake ulipoonyesha ukame ambao haukuwahi kutokea.

Tulikaa naye kutazama faili lile, na nikaona wazi kwamba sifuri zile zilikuwa mbaya kuliko asubuhi yoyote ya kuganda. Kompyuta iliyoganda inakulazimisha kutafuta tatizo. Faili lenye shimo linakuacha uendelee na kazi, uandike ripoti, ushauri wakulima. Programu nyingi ziliandikwa kwa kudhani kwamba diski iko ndani ya boksi lilelile, na diski ya ndani ni nadra kushindwa katikati ya sentensi; kwa hiyo hazikagui kama kila andiko limefika, wala hazisikilizi faili linapofungwa, na hapo ndipo makosa mengi ya NFS hujitokeza, kwa kuwa maandishi hukusanywa kwanza kwenye kumbukumbu ndipo yatumwe. Mwaka 1994 Jim Waldo, Geoff Wyant, Ann Wollrath na Sam Kendall, wote wa Sun, waliandika juu ya jambo hili na kutumia NFS kama mfano. Hoja yao ni kwamba kitu cha mbali hakiwezi kufanywa kuwa sawa kabisa na kitu cha karibu: ama programu itaganda mtandao ukishindwa, ama itapewa makosa ambayo haikuandaliwa kuyapokea. Hakuna njia ya tatu inayoweza kufichwa chini ya meza ya mwandishi wa programu. Ukiwa huwezi kuziandika upya programu zote za taasisi, na hakuna anayeweza, basi kawia ufike. Folda inayoandikwa ipachikwe kwa namna ngumu, `hard`, na nguvu zetu tuzielekeze kwenye kuifanya seva irudi haraka. Namna laini ina mahali pake: vitu vya kusomwa tu, ambavyo vikikosekana hakuna kinachoharibika.

Nikiwa na kanuni hiyo kichwani, nimekutana na kimya cha kila sura, na kila mara kazi ilikuwa kufuata mnyororo wa wanaosubiriana mpaka mwisho wake. Mnyororo mwingine hauna mwisho, unajizungusha. Mahali pamoja umeme ulikatika usiku, betri zikaisha, na uliporudi mashine zote ziliwaka kwa pamoja. Saa zikapita na hakuna folda iliyopachikwa. Seva ya mafaili ilikuwa nzima, lakini orodha yake ya kompyuta zilizoruhusiwa ilitumia majina, na ili kuyatambua majina ilihitaji kuiuliza seva ya DNS. Seva ya DNS ilikuwa mashine pepe, na diski yake ilikuwa faili lililohifadhiwa kwenye seva ya mafaili. Huyu anamsubiri yule, yule anamsubiri huyu. Mpangilio ule ulikuwa umefanya kazi kwa muda mrefu kwa sababu tu mashine hizo hazikuwahi kuzimika kwa wakati mmoja. Tuliutegua kwa kuandika anwani chache muhimu kwenye `/etc/hosts` ya seva ya mafaili, mistari isiyohitaji kumuuliza mtu. Na tulipotafuta maelekezo ya mpangilio wa kuwasha mashine, tukakumbushwa kwamba yalikuwa kwenye folda ya mtandao. Tangu hapo, popote ninapofanya kazi, maelekezo hayo yanachapishwa kwenye karatasi na kubandikwa kwenye mlango wa chumba cha seva.

Mara nyingine kimya huchagua. Katika taasisi iliyohifadhi picha za setilaiti, folda zilifunguka, majina ya mafaili yalionekana, mafaili madogo yalisomeka, lakini ukifungua picha kubwa kompyuta inaganda. Watumiaji walilaumu programu ya kutazamia picha, na `ping` iliwaunga mkono kwa kujibu vizuri. Swali la kuuliza hapo ni nini kilibadilika, na jibu lilikuwa swichi: iliyokuwepo iliharibika, ikawekwa nyingine. Seva na kompyuta za watafiti zilikuwa zimepangwa kutuma pakiti za baiti 9000, na swichi mpya haikupitisha zaidi ya 1500. Ilizitupa kubwa bila kumwambia mtu. Pakiti ndogo zilipita, kwa hiyo kila kipimo kidogo kilirudi na habari njema. Ukitaka kulithibitisha tatizo hili, tuma `ping` yenye baiti 8972 na uikataze isikatwe vipande. Baiti 28 zinazobaki mpaka 9000 ni vichwa vya pakiti, 20 vya IP na 8 vya ICMP. Kama ya baiti 1472 inapita na ya 8972 inapotea, umekipata chanzo. Somo lake linazidi swichi: kipime kitu kwa uzito ambao kinabebeshwa kila siku, maana kipimo chepesi kitakupa majibu ya mzigo mwepesi.

Kuna pia hali ambayo watu huichanganya na kimya, nayo si kimya. Seva inajibu, lakini inasema faili unalolitaka hailijui tena. Kila faili kwenye NFS lina kitambulisho kinachotokana na mfumo wa mafaili na namba yake ndani ya mfumo huo. Diski ikibadilishwa na yaliyomo yakarejeshwa kutoka kwenye nakala, majina yanabaki yaleyale ila vitambulisho vinabadilika, na kompyuta zilizoshika vya zamani zinakataliwa. Hapo kusubiri hakusaidii. Dawa ni kuibandua folda na kuipachika upya. Fundi anayeshindwa kutofautisha asiyejibu na aliyekataa atapoteza muda mwingi akiyapa matatizo mawili dawa moja. Vivyo hivyo na `umount -l`, ambayo huiondoa folda machoni pa watu mara moja. Inafaa pale unapotaka wengine waendelee kupita, lakini programu zilizokuwa zikisubiri bado zinasubiri, na tatizo bado lipo kwenye seva. Ukiitumia, andika mahali kwamba umeitumia.

Zana za uangalizi zinastahili onyo lao. Nimeona seva ambayo wastani wake wa mzigo ulipanda mpaka makumi ilhali prosesa imekaa bure. Linux huhesabu katika wastani huo hata programu zilizolala kwa herufi D. Chanzo kilikuwa hati ya uangalizi iliyoendesha `df` kila baada ya dakika chache. Folda moja ilipokwama, kila `df` mpya iliungana na zilizotangulia. Mlinzi mwenyewe alikuwa ameganda, na hakuna aliyepata taarifa. Hati ya namna hiyo iipime diski ya ndani peke yake kwa `df -l`, na folda za mtandao izipime kwa amri yenye ukomo wa muda, ili kukosekana kwa jibu kuwe ndiyo taarifa.

Mwaka 1987 Leslie Lamport, mtafiti wa mifumo iliyosambaa, aliwaandikia wenzake kwamba mfumo wa namna hiyo ni ule ambao kompyuta usiyojua hata kama ipo inaweza kuharibika na kuifanya ya kwako isifanye kazi. Kwa mwanafunzi aliye mbele ya skrini iliyoganda, maneno hayo ni uzoefu wa kila siku. Yeye hajui kuna chumba mwisho wa korido. Hajui kuna diski mbili. Anachojua ni kwamba kazi yake ya miezi imenyamaza na saa ya kukabidhi inakaribia. Nilichokithamini zaidi kwa Mzee, kadiri miaka ilivyopita, ni kwamba kabla ya kwenda chumba cha seva alisimama mbele ya maabara akasema mambo matatu: kazi zenu zipo, msizime kompyuta, nitarudi kuwaeleza hata kama sijamaliza. Alirudi kweli katikati ya kazi, akawaambia tumefika wapi. Hakuwaahidi saa ambayo hakuwa na uhakika nayo.

Naamini huo ni ufundi sawa na `rpcinfo`. Mtu aliyeelezwa anasubiri. Asiyeelezwa anabonyeza kitufe. Na kila kitufe kinachobonyezwa kwa hofu ni kazi ya mtu inayopotea bure, kwa sababu mfumo ulikuwa tayari kumngojea.

Kwa mafundi vijana wanaopokea vyumba vya seva leo, katika vyuo, hospitali na ofisi za serikali, nina ombi moja. Msisubiri umeme ukatike ili mjue mashine zenu zinategemeana vipi. Chagueni Jumamosi moja, watumiaji wote wakiwa wameshaarifiwa na nakala za mafaili zikiwa zimekaguliwa, mzime kila kitu, kisha mwashe kimoja kimoja mkifuata karatasi iliyobandikwa mlangoni. Kila mtakapokwama, andikeni pale pale kwenye karatasi: mashine gani, ilikuwa inangoja nini, mlifanya nini. Mkishamaliza, chapisheni karatasi mpya na mpange tarehe ya zoezi linalofuata. Hitilafu mtakazozikuta siku hiyo zilikuwepo tayari. Mtakuwa mmezikuta mchana, mkiwa pamoja, na hakuna kazi ya mtu iliyo hatarini.